Mkono wa Ndanu na Kipanya cha Mbao

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Kaloleni alikuja kwangu juzi na binti yake, akamshika kwenye kiwiko, akaniambia, "Mama Kioko, hebu tazama." Binti akanyoosha mkono. Nilibonyeza ule mnofu ulio chini ya kidole gumba nikaukuta umelegea kama andazi la jana. Nikamwuliza anafanya kazi gani. Akasema kompyuta, anachora matangazo. Nikamwambia akae chini.

Nilimweleza yote yaliyotupata, na mama yake akaniomba niyaandike kwa sababu watoto kama huyu sasa ni wengi. Mimi nilisoma darasa la tatu tu, nikatolewa shule nilee wadogo zangu. Mtu asitafute hapa maneno ya daktari. Jina la mshipa silijui. Ninaujua mkono ulivyokuwa, ulivyogeuka na ulivyo leo.

Mkono wenyewe ni wa mjukuu wangu Ndanu. Mama yake, binti yangu, alikufa Ndanu akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, na mimi na mume wangu tukamlea. Mimi ananiita Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na babu yake, yaani mume wangu, Ndanu alimwita Umau. Mume wangu alikuwa mchongaji. Twiga, vifaru, vijiko vya saladi, vyote alivichonga kwa mikono yake na watalii wakavibeba. Tezo na kisu vilikuwa vyake. Msasa na nta vilikuwa vyangu. Nyumba nyingi za wachongaji ziko hivyo: mume anachonga, mke anasugua mpaka mbao iwe laini kama shavu.

Ndanu alikataa kusugua tangu mdogo. Nikimpa twiga amsugue, baada ya muda ninamkuta anachora twiga wa pili sakafuni kwa mkaa. Nilimchapa kwa ajili ya ile sakafu. Babu yake akasema, "Mwache, huyu si wa msasa." Akampeleka kusomea uchoraji, na Ndanu alipomaliza akaandikwa kazi Eastleigh, kwenye duka la kuchapisha lililo ghorofani, First Avenue. Huko walichora kadi za harusi na kalenda za wenye maduka, lakini kazi kubwa ilikuwa programu za mazishi. Miaka ile tulizika sana, na tulizika vijana. Watu walikuwa wanapanda ngazi wameshika picha ndogo ya kitambulisho na kusema kesho tunasafirisha maiti. Ndanu aliipanua picha, akamchagulia marehemu maua ya pembeni, akapanga majina ya watoto na wajukuu. Hakumwambia mtu rudi kesho. Alikaa hapo mpaka iishe.

Kwa asiyejua, kompyuta ina kitu cha kushika, kama kipande cha sabuni chenye mkia. Wao wanakiita mausi, vitabu vinakiita kipanya. Unakisukuma juu ya meza na alama iliyo ndani ya kioo inakufuata, na hivyo ndivyo wanavyochora. Siku ya kwanza nilipopelekwa kuona kazi yake nilisema huyu mtoto ameajiriwa kushika sabuni. Walicheka wote. Na mimi nilicheka.

Ugonjwa ulianza mvua ndefu. Kwanza aliangusha kikombe, nikamgombeza. Akaangusha kingine. Kisha nikaona kila asubuhi anaamka anaukung'uta mkono kama mtu aliyeungua na uji. Akasema vidole vinakufa ganzi, vitatu vya upande wa gumba, halafu vinarudi na sindano ndani yake, na jioni mkono unakuwa umevimba. Nikampaka dawa ile ya kuchoma ya kwenye kopo. Nikamkanda kwa maji ya chumvi. Jirani akaniambia ni baridi imeingia kwenye mfupa, mwingine akasema mtoto amerogwa kazini. Huyo wa pili nilimwonyesha mlango.

Mwanangu Kioko ni dereva wa lori. Jumapili moja alimwona Ndanu anakula kwa mkono wa kushoto, akasema mbele ya wote, "Mimi ninashika usukani mpaka Malaba na kurudi, sijaumwa. Huyu ameumwa na panya." Watoto wake wakacheka. Ndanu aliacha kula, akainuka akaenda kuosha sufuria kwa mkono ule ule mgonjwa, na akausugua ule ukoko mpaka ukatoka. Babu yake alikuwa anautazama tu ule mkono.

Tulikwenda hospitali ya serikali. Yale mabenchi ya pale mbao zake zimeng'arishwa na migongo ya watu, na mimi ninajua mbao, mng'aro kama ule hauji kwa siku chache. Tulikaa. Aliyevunjika mguu anapita mbele yako, na ni haki yake. Aliyegongwa na gari anapita, na ni haki yake. Mkono usio na damu wala kidonda haumtishi mtu, kwa hiyo unabaki kwenye benchi. Kuna mama mmoja muuza mboga tuliyekaa naye, ambaye kila tuliposogea alimshikia Ndanu mfuko wake bila kuombwa. Sikumjua jina. Bado ninamwombea.

Daktari wa kwanza alimfunga bandeji yenye kibao ndani, akamwambia apumzike. Mwenye duka akamwambia kupumzika ni kwake, nafasi ni ya mwenye mikono. Basi akawa anafungua bandeji ngazini kabla ya kuingia na kuifunga tena akitoka. Nililijua hilo kwa sababu fundo halikuwa langu.

Fundi wa kompyuta wa pale kazini alimwambia huenda ni kile kipanya. Kilikuwa cha pembe nne, chembamba, vifungo vigumu, na Ndanu ana mkono mpana wa babu yake. Tukaingia mjini kutafuta kingine, mimi, yeye na mzee. Duka la kwanza kijana alivitoa katika boksi vikiwa kwenye plastiki na kutuzuia tusifungue. Nikamwambia mjukuu wangu hataondoka bila kukijaribu.

"Shosho," akaniambia, maana ndivyo vijana wa mjini wanavyomwita nyanya, "mausi ni mausi."

"Na mguu ni mguu," nikamjibu, "lakini viatu mnauza kwa saizi."

Akafungua. Ndanu akakaa kwenye stuli, akaweka mkono juu ya kimoja, kisha kingine, mzee ameinama karibu kama anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Kimoja kilikuwa cha juu mno, kikamkunja kifundo cha mkono. Kingine kilikuwa chini kiasi kwamba kiganja kilibaki hewani. Kimoja kilikuwa kizuri cha rangi lakini vifungo vyake vilitaka nguvu ya kukamua limau. Tuliingia maduka mengine, tukatoka. Vyote vilikuwa vimetengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kuuona mkono wa Ndanu.

Tukiwa njiani kurudi mzee akasema, "Niletee kimoja kilichokufa."

Katika kibanda cha wachongaji hakuna anayetumia mpini wa mwenzake. Kila mtu anajichongea mpini wa tezo yake, na mwanafunzi haruhusiwi kazi mpaka ajichongee wake. Na kipimo kina saa yake. Kinachukuliwa jioni, baada ya kazi, kwa sababu wanasema mkono wa asubuhi unajisifu, mkono wa jioni unasema kweli. Mpini uliopimwa asubuhi unakuumiza alasiri. Hivyo ndivyo mume wangu alivyofundishwa na baba yake, na hivyo ndivyo alivyofanya.

Ilikuwa baridi ya Julai. Ndanu alirudi kutoka kazini, hata koti hajavua, babu yake akamkalisha, akaukandamiza mkono wake kwenye donge la udongo laini mpaka ukaacha alama. Kisha akachonga kifuniko cha mbao ya jakaranda, kimetobolewa ndani kwa kipimo cha kile kipanya kibovu alicholetewa, ili kikae juu ya kipanya kama gamba juu ya kobe, na vifungo vikabaki wazi. Pembeni akachimba mahali pa kidole gumba kulala. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu na kifua kinampiga, kwa hiyo alichonga kwa kupapasa. Nilipochukua msasa akanizuia.

"Acha hivyo," alisema. "Usimsugulie. Laini inateleza."

Hicho ndicho kitu pekee alichochonga katika maisha yetu ambacho sikukisugua. Kilibaki na alama za kisu, vijistari vidogo vidogo kama magamba ya samaki.

Ndanu alikiweka juu ya kipanya cha kazini, na wiki hizo za kwanza nilimwona tena mtoto wangu. Mkono ulilala. Alikuja nyumbani akiimba. Wenzake walimtania kwamba amefuga panya wa porini, mteja mmoja akataka kukinunua akidhani ni kobe. Hata Kioko alikishika, akakigeuza, akasema, "Mzee, nitengenezee usukani." Ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Ndanu aliipokea.

Baada ya baridi kwisha zamu yetu kliniki ilifika, akadungwa sindano kwenye kifundo. Ule uvimbe ukashuka. Mkono ukarudi kuwa mkono. Tulimshukuru Mungu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mimi sikuona. Mzee alikuwa ameshalala kitandani kwa kifua. Kila jioni Ndanu alipoingia, babu yake alimwuliza, "Kinakufaa?" Na yeye alijibu, "Kinafaa, Umau." Nilikuwa napita na sinia, ninasikia, ninafurahi.

Mvua za mwisho wa mwaka ule hazikuwa mvua fupi. Ni zile zilizobeba madaraja. Mume wangu alikufa zikinyesha. Ndanu hakukubali mtu mwingine aitengeneze programu ya mazishi. Alikaa kwenye kompyuta na kipanya kile cha mbao. Maua hakuyataka, badala yake akachora pembeni vyombo vyote vya babu yake kimoja kimoja: tezo, kisu, patasi, randa, jiwe la kunolea. Na katika ukurasa wa mwisho, chini kabisa, akachora kipande cha msasa. Programu hizo tulizibeba mpaka Ukambani ndani ya nailoni na watu wakazisoma chini ya miavuli. Wachongaji wenzake walikuwa wanaonyeshana vile vyombo kwa kidole na kutikisa kichwa.

Baada ya hapo mkono ulikufa. Siwezi kusema vingine. Joto la Januari lilifika na Ndanu hakuweza kufunga kifungo cha blauzi. Mnofu wa chini ya gumba ulianza kubonyea. Alishika sindano ya kushonea ikaanguka, na alipoitafuta kwa vidole hakuisikia ingawa alikuwa anaigusa. Usiku ninamsikia analia ndani ya shuka, na asubuhi ananiambia ni mafua.

Tukarudi kwenye mabenchi yetu. Safari hii daktari alikuwa mwanamke, na alituambia tulete chombo anachofanyia kazi. Siku hiyo Ndanu alikitoa kwenye leso, akakiweka mezani taratibu kama yai.

"Weka mkono kama unavyoweka kazini," daktari akasema.

Ndanu akauweka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mkono ulikaa juu ya ile mbao kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Gumba halikufika mahali pake. Ili afikie vifungo ilimbidi anyooshe vidole mpaka mishipa ya mkono ikasimama.

Daktari akauliza nani alikichonga, na alipima lini. Nikamjibu mimi. Nilisema ni mume wangu, wakati wa baridi, jioni akitoka kazini, kwa sababu mpini unapimwa jioni.

Daktari akaubonyeza ule mkono. "Mama, mkono ulikuwa umevimba. Uvimbe ulishuka. Hiki ni kikubwa."

"Si kikubwa," Ndanu akasema.

"Ndanu."

"Si kikubwa, Susu. Nimekizoea."

Hakukiachia. Pale pale nikajua alikuwa ameliona tangu ile sindano, na kila jioni alisimama kando ya kitanda cha babu yake akamdanganya kwa sababu yule mzee asingeweza tena kushika kisu kumchongea kingine. Na alipokufa, uongo ule ukawa ndio kitu walichobaki nacho wawili. Angekuwa mtoto mdogo ningemchapa. Nilimfunga kilemba vizuri, tukatoka.

Walimpasua mvua ndefu zilipoanza tena. Kidonda kilikuwa kidogo, kama mkwaruzo wa paka, kwa maumivu makubwa namna ile. Watu walipokiona walisema, kumbe ni hiki tu? Ganzi iliondoka kwenye vidole viwili. Cha tatu bado. Nguvu ya gumba haikurudi. Daktari alisema kweli bila kuizunguka, na kwa hilo ninamheshimu: tungekuja miezi ile mizuri, ungekuwa mkono mwingine. Alimwambia ajifunze kushoto.

Mwenye duka alikuwa ameshaweka mtu mwingine kwenye kiti chake. Kanisa ndilo lililompa kompyuta ya ofisini nusu siku, achore kadi za ibada na barua za kualika. Lakini kipanya cha mbao kilikuwa cha kulia, na mahali pa gumba pakiwa upande wa kushoto, mkono wa kushoto unakalia bonde lililo kinyume. Akatumia kipanya kitupu cha plastiki kwa kushoto na kile cha mbao akakiweka mbele yake mezani. Ninaambiwa kuna siku walimkuta ameweka mkono wa kulia juu yake, hafanyi kitu.

Kioko alikipeleka kibandani kwa wachongaji wakipunguze. Wakakishika wote, kikazunguka, kikarudi. Wakamwambia mpini wa marehemu haukatwi kwa kisu cha mwingine. Unawekwa ukae. Kioko akarudi amekasirika, akisema mila itamla huyu mtoto na mkono wa pili.

Niliwaza sana juu ya hilo nikichagua mchele. Kisha nikamwambia Ndanu, "Leta."

"Susu, wamekataa."

"Wamekataa kisu. Mimi nimewahi kushika kisu cha babu yako?"

Nikamwambia, "Babu yako alichonga kila kitu, lakini mkono hakukuchongea. Ulionao ndio huo mmoja. Leta."

Alileta, akakiweka miguuni pangu kizingitini, akaingia ndani. Hatukuongea siku zile zote. Ilikuwa baridi ya Julai tena. Nilianza na msasa mkali, kisha wa katikati, kisha ule mwembamba ulio kama ulimi wa ndama. Nikaushusha mgongo wa kile kifuniko. Nikaondoa kingo za lile bonde la gumba mpaka likawa kama halikuwahi kuwepo, pande zote mbili zikalingana, mkono wowote ukaribishwe. Kila jioni nilimwita aweke mkono wa kushoto, na kila asubuhi nilimwita tena, kwa sababu sasa ninajua mkono una kweli mbili na zote zinatakiwa kuingia. Anaweka, anaondoa, anaingia ndani.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule binti aliyeletwa kwangu. Kipanya kichague kwa mkono wako mwenyewe, si kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Kiganja kilale, vidole vifike vyenyewe, kifundo kisipinde. Kichague siku ambayo mkono ni mzima, na ukiwa mgonjwa uutibu kwanza ndipo upime. Na kama kinauma, sema, hata kama aliyekupa anakufa. Hasa kama anakufa. Yeye angependa kujua. Mume wangu angetambaa kutoka kitandani akitafute kisu chake.

Siku ya mwisho Ndanu aliweka mkono wa kushoto, ukalala wote. Hakuuondoa. Nikamwuliza, "Kinakufaa?" Aliusogeza mkono huku na huku, nami nilimwachia muda wake, kwa sababu sote tulijua swali hilo lilikotoka.

"Gumba linagusa kidogo hapa," alisema.

Nikasugua hapo. Akajaribu tena, akasema sasa ndiyo. Akakibeba akaenda nacho kazini.

Nilibaki kizingitini na unga wa jakaranda mapajani. Vile vijistari kama magamba vilikuwa vimekwisha. Maisha yangu yote na mume wangu kazi yangu ilikuwa hiyo, kufuata nyuma ya kisu chake na kufuta alama zake mpaka mtu asione mahali alipopita, na sikuwahi kuona ni kazi ya huzuni. Asubuhi ile nilitaka kuinuka nikaukung'ute ule unga kama ilivyo desturi. Sikuinuka mpaka jua likafika mlangoni.